Jina la kwenye jiwe la Popo

Mwanangu,

Umeniuliza: sasa kwa kuwa umejifunza kusoma herufi za Kichina, mbona jiwe la kaburi la Popo, bibi yako, kule makaburini Colma linasema Chin, ilhali sisi sote ni Lee? Nilidhani ungeuliza zamani.

Chin ndilo jina letu. Lee lilinunuliwa.

Sheria ya 1882 iliwafungia vibarua wa Kichina mlango wa Marekani, lakini mtoto wa raia aliruhusiwa kuingia. Moto uliofuata tetemeko la San Francisco mwaka 1906 uliteketeza kumbukumbu za watu kuzaliwa. Basi watu wakadai wamezaliwa hapa, wakaandikisha wana ambao hawakuwapo, na nafasi hizo zikauzwa. Babu yako aliingia hivyo akiwa kijana, mwana wa karatasi, yaani wa kwenye hati tu, wa mzee Lee ambaye hata hawakuwa ndugu. Akapigana vita kwa jina hilo. Vita vilipokwisha, askari wakaruhusiwa kuleta wake zao, naye akaenda kwao Toisan, kusini mwa China, kuoa, akamleta Popo mwaka 1947.

Mzigo wenyewe aliubeba Popo. Kabla ya kupanda meli alikaririshwa kijiji cha akina Lee, asichowahi kukikanyaga: nyumba ngapi kwa safu, mlango unatazama wapi, kisima kiko hatua ngapi. Alipofika San Francisco alizuiliwa majuma kadhaa na watu wa uhamiaji, akiulizwa hayo hayo asubuhi na jioni. Hakukosea hata mara moja. Na huyu ndiye mliyekuwa mkimcheka kwa kutafuta miwani iliyo kichwani mwake!

Cherehani za Chinatown, mtaa wetu wa Wachina, unazijua, nimekusimulia mara nyingi: malipo kwa kipande, mimi nikilala juu ya marobota ya vitambaa, nikiamka nageuza kola za mashati kwa kijiti cha kulia wali.

Mwaka 1956 serikali ilianza kuwataka watu kama sisi waungame kwamba waliingia kwa majina ya kununua. Baba alitaka. Popo akakataa katakata: ukijisema wewe, umewasema wote walioingia kwa jina la mzee Lee. Nikaonywa nisimfungulie mlango mgeni yeyote anayezungumza Kiingereza. Nilimlaumu miaka mingi kwa hofu aliyotulea nayo. Bado namlaumu kidogo.

Jiwe aliliagiza mwenyewe, akalipa taslimu. Lee kwa Kiingereza, kwa ajili ya serikali. Chin kwa Kichina, kwa ajili ya wanaokuja kufagia kaburi.

Mwaka wake wa mwisho, kumbukumbu zikiwa zimeanza kumpotea, nesi alimuuliza, kwa kumchangamsha tu, kwao kulikuwaje. Nikamtafsiria. Popo akaketi wima: nyumba tisa kwa safu, mlango unatazama kusini, kisima hatua thelathini. Nesi alipotoka, akanivuta mkono.

“Hatukuwa na kisima,” akaninong'oneza. “Tulichota mtoni.”

Mama yako