Kabichi ya ndimu isiyojaa maji

Dada yangu, umeuliza kwa nini saladi yako ya kabichi huogelea kwenye maji kabla wageni hawajakaa mkekani, na kama ndimu yafaa badala ya siki. Ndimu yafaa sana, mie naipenda kuliko siki.

Maji yanaletwa na chumvi, ndiyo inayoyavuta kutoka kwenye majani. Basi yatoe mapema. Kata kabichi ya kilo moja nyembamba kabisa, tia chumvi vijiko viwili vya chai, ifikiche kwa mkono, iache nusu saa, kisha ikamue kwa nguvu. Usiogope kuikamua! Ionje, ikizidi chumvi, isuuze uikamue tena.

Mchuzi wake: maji ya ndimu vijiko vitatu vya chakula, mafuta viwili, sukari kijiko cha chai, pilipili manga. Changanya karibu na kula. Msimu wa embe, kwaruza embe bichi humo na upunguze ndimu. Kwa samaki wa kukaanga hapana kitu kitamu zaidi. Ukitaka uzito, tia mtindi mzito. Mayonezi kwa joto letu la Unguja isikae nje muda mrefu, hasa shughulini.

Karoti na kitunguu, upendavyo.