Sauti za "kunguni" kwenye gropu la mtaa

SWALI: Mimi ni admini wa gropu la WhatsApp la mtaa wetu. Wiki hii zinazunguka sauti zinazowaita wapangaji waliotoka mkoa fulani "kunguni". Watu wanacheka tu. Nitajuaje kama ni utani au kuna jambo linapikwa? — Admini, Mbagala

JIBU: Angalia kwanza kama anayesemwa anajibu. Mtani humtania mtani mbele yake, na hurudishiwa palepale. Wapangaji wako wakinyamaza, au wakianza kujitoa kwenye gropu, utani haupo tena.

Jina la mdudu ni baya, ila sentensi ya kuogopa zaidi ni hii: "Wanajipanga kutumaliza, tuwawahi." Hiyo humfanya mtu wa kawaida, asiye na roho mbaya, aone kupiga ni kujihami. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, miezi tisa kabla ya mauaji ya kimbari, iliunganisha yote mawili: Watutsi ni mende, tena wanakuja kuwaangamiza. Na usiwinde matusi peke yake. Kule Kenya, katika ghasia za 2007/08, neno lilikuwa "madoadoa", wakiitwa hivyo watu wa makabila mengine waliotakiwa kuondoka. Kamusi haitakuonyesha ubaya wowote ndani yake.

Sauti ikitaja siku, mahali au nyumba za watu, ihifadhi pamoja na namba na saa iliyotumwa, uipeleke polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo.

Isipofika huko, usitoe hotuba peke yako. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Stanley Milgram kule Marekani, mwaka 1961 na 1962, watu 26 kati ya 40 walitii amri ya kumpiga mtu mwingine shoti mpaka volti 450 (umeme wa kuigiza, wao hawakujua). Wengine 40 walipokaa kila mmoja na wenzake wawili waliogoma, waliofika mwisho walikuwa 4 tu. Kwa hiyo tafuta wawili faraghani, mmoja awe anayeheshimiwa na haohao wanaocheka. Sauti ikiingia, wa kwanza aandike "Hapa hatuongei hivyo," wa pili aunge mkono, kabla vikaragosi vya kicheko havijajaa. Vikijaa, walionyamaza hudhani wamebaki peke yao.

Wengi huharibu kwa kuirusha tena sauti ili "kutahadharisha", wakaieneza wao. Wengine humtoa mtumaji bila kuzungumza naye. Kesho ana gropu lake, na huko hakuna wa kumbishia.