Jibu: Si wewe tu uliyesinzia kwenye 2001: A Space Odyssey

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje wahakiki waisifu hivyo filamu hii ya anga iliyokulaza usingizi. Ilipotoka Marekani Aprili 1968, wapo waliotoka ukumbini ikiendelea, na Pauline Kael, mhakiki mwenye ulimi wa wembe, aliiponda. Mwongozaji wake, Stanley Kubrick, mwenyewe akaipunguza kama dakika 19 baada ya maonyesho ya mwanzo. Mwaka 2022 waongozaji filamu waliopigiwa kura na jarida la Sight and Sound la Uingereza wakaiweka namba moja kati ya filamu bora za wakati wote.

Kinachokera ni ukimya. Neno la kwanza husikika baada ya kama dakika 25! Mfupa unarushwa juu, unazunguka, mara umekuwa chombo angani, na hakuna anayekueleza kitu.

Sisi tuliitazama hapa Malindi, darini kwa binamu, kwenye shuka iliyotundikwa kama skrini. Upepo ukivuta, sayari inanepa kama chapati. Shangazi akauliza, "Hawa hawasemi?" akaendelea kuchagua mchele. Lakini kalamu ilipoanza kuelea ndani ya chombo, mkono wake ulisimama juu ya ungo.

Mwisho ule wa rangi rangi hata mimi sijauelewa, na sijali. Labda naipenda kwa sababu ya ujirani wetu na anga: 1967, mwaka mmoja kabla ya filamu, Waitaliano walisharusha setilaiti kutoka baharini hapo Ngomeni, jirani na Malindi.

Ila uliitazama kwenye simu, sivyo? Tafuta ukuta mkubwa, uanze tena.