Kaka anataka kututumia pampu ya joto kutoka Ujerumani: itapoza nyumba ya Shela?

SWALI: Assalam alaykum fundi. Mimi niko Shela, Lamu. Nyumba yetu ni ya mawe, ghorofa moja, na juu kabisa kuna baraza ya makuti. Mama analala chini, chumba cha mita 4 kwa 4, dari kama mita 3. Vyumba viwili vya juu nakodisha wageni. Kaskazi hii mama hakulala. Feni inazunguka usiku kucha na shuka zinaloa vilevile. Kaka yangu anakaa Stuttgart. Anasema kwao wana pampu ya joto: wakati wa baridi inapasha nyumba, wakati wa joto inapoza, maji yanapita kwenye mabomba chini ya sakafu, haina kelele na haili stima kama AC. Jirani yake anabadilisha yake, basi kaka anaweza kuipata rahisi na kuitia kwenye kontena. Nikubali? Na kama jibu ni AC ya kawaida, ninunue ya BTU ngapi?

JIBU: Waalaykum salaam dada, na mpe mama pole. Mwambie kaka asitume. Kuhusu mashine hakukosea. Alichosahau ni hewa ya Shela, na ukikaa Stuttgart miaka mingi ni rahisi kuisahau.

Kwanza hili jina. Pampu ya joto haiumbi baridi, kwa sababu baridi haiumbiki. Inafanya kazi ya baharia anayefua maji kwenye jahazi: anayachota ndani, anayamwaga nje. Gesi inachemkia kwenye koili ya ndani, na ikichemka inanyonya joto la chumba. Kompresa inaibana, inakwenda nje, inageuka kimiminika tena na kulitema lile joto uani. Sasa niambie, hiyo si AC? Ndiyo hiyo hiyo. AC yoyote ukutani ni pampu ya joto. Ile inayopasha na kupoza ina vali moja ya ziada ya kugeuza njia ya gesi, ndani kuwe nje na nje kuwe ndani. Spliti, yaani AC za vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, nyingine huuzwa tayari zina vali hiyo; ndiyo ile alama ya jua kwenye rimoti. Niliwahi kuvuka na boti kutoka Mokowe na kisanduku changu cha vifaa kwa sababu mteja alisema AC yake mpya imekufa, inatoa hewa ya tanuri. Mtoto alikuwa amebonyeza jua. Nilibonyeza alama ya theluji, nikanywa kahawa, nikarudi. Nauli nililipwa, lakini mpaka leo tukikutana hunikwepa macho.

Kwa hiyo habari ya stima ni ya kweli kwa zote mbili. AC nzuri ya inverta, ile ambayo kompresa yake inapunguza mbio badala ya kuzima na kuwaka, ikila uniti 1 ya stima inaondoa chumbani uniti 3 za joto, na zaidi. Yale ya kwamba AC inakula kuliko pampu ya joto yanatokana na kulinganisha mashine mpya na dude la dirishani la zamani.

Tofauti iko kwenye sakafu, na hapa nataka unifuate polepole. Hewa ina maji ndani yake, na kila hewa ina kiwango chake cha umande: kitu chochote kilicho baridi kuliko kiwango hicho kinatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Siku ya joto Ujerumani, hewa ikiwa digrii 30 na unyevu asilimia 40, umande unaanza kwenye digrii 15. Maji ya digrii 20 yakipita chini ya sakafu ya kaka, sakafu inapoa na inabaki kavu. Njoo Shela mwezi wa Machi, digrii 30 hizo hizo lakini unyevu asilimia 75. Umande unaanza kwenye digrii 25. Yapitishe maji yale ya digrii 20 chini ya chumba cha mama, na asubuhi atateleza. Mikeka itaota ukungu, na ukuta wa chokaa utavimba kwa chini. Ukiyapandisha maji mpaka digrii 26 ili sakafu isiloe, hujapoza chochote. Tena unyevu wote umebaki hewani, na huo ndio unaomkosesha mama usingizi.

Maana mwili hupoa kwa jasho kukauka. Hewa iliyoshiba maji hailipokei jasho, hata feni izunguke namna gani. Huyu ndiye adui wa pwani, na AC ilitengenezwa kwa ajili yake hasa. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kwanza kwa kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilikuwa zinavimba kwa unyevu na rangi hazikai mahali pake. Watu kupozwa kulikuja baadaye.

(Na kabla hujaniuliza: zile feni kubwa zinazotiwa maji, zinazotangazwa kwenye simu kuwa hazili stima, usinunue. Zinapoza kwa kukausha maji, kama mtungi unavyofanya. Kwenye hewa yetu hiyo ya Machi, hata zikifanya kazi yao yote hazishuki chini ya digrii 26, na zinakuongezea maji chumbani. Nyika kavu huko ndiko kwao.)

Basi turudi kwenye jahazi. Ukifua maji na mbao hazijakalafatiwa, utafua mpaka alfajiri. Nyumba zetu zilijengwa zivuje hewa kwa makusudi: matundu juu ya milango, madirisha ya mbao yenye mianya, uwanda katikati unaovuta upepo. Ni ujenzi wenye akili sana bila stima. Ukitundika AC humo bila kubadilisha kitu, hesabu yake ni hii. Kila mita moja ya ujazo ya hewa inayoingia kutoka nje inabeba gramu 10 hivi za maji kuliko hewa unayoitaka ndani, yaani ya digrii 25 na unyevu asilimia 55. Chumba cha mama kina mita za ujazo 48. Upepo ukikibadilisha hewa mara 5 kwa saa, jambo la kawaida tu penye matundu, AC inabidi itoe lita 2.4 za maji kila saa. Kuugeuza mvuke uwe lita moja ya maji kunataka karibu uniti 0.7 za kupoza. Kwa saa moja hiyo ni uniti 1.6, na AC ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) nguvu yake yote ya kupoza ni kilowati 3.5, yaani uniti 3.5 kwa saa. Karibu nusu ya mashine yako inakausha upepo unaotoka baharini! Hapo hujahesabu joto la ukuta, la mama mwenyewe, wala la taa.

Ziba matundu, tia mpira kwenye fremu za milango na madirisha, weka kioo nyuma ya mbao, na ile lita 2.4 inashuka chini ya robo lita. Sikuambii ukifunge kama kopo. Mtu anahitaji hewa, na mwanya mdogo chini ya mlango unamtosha mtu mmoja. Fundi seremala wa hapo Shela atamaliza kwa siku moja au mbili, na fedha utakayompa itakurudia kwenye tokeni.

Baada ya hapo ndipo swali lako la BTU. Kwa chumba cha mama, cha chini, chenye kuta nene za mawe na kivuli, chukua 9,000 ya inverta. Najua dukani watakuambia 18,000, "ipoze haraka". Usikubali. Mashine kubwa kwenye chumba kidogo inashusha joto kwa dakika chache, kisha inazima, na yale maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye koili yanarudi hewani kabla hayajafika kwenye mpira wa kutolea. Utapata chumba chenye baridi ya pangoni, na shuka bado zimeloa. Mashine ndogo inayokwenda taratibu usiku mzima ndiyo inayokausha. Iweke kwenye digrii 26, kasi ya upepo iwe ya chini, na feni ya dari izunguke polepole. Kuiweka 16 hakuipi mbio zaidi ya ilizo nazo. Kunaifanya isipumzike tu. Saa 8 kwa wastani wa wati 400 ni uniti 3.2 kwa usiku. Zidisha na bei ya uniti unayoipata ukinunua tokeni, uone kama inakaa sawa na mfuko wako.

Vyumba vya juu vinahitaji 12,000 kila kimoja, kama juu yao kuna zege linalopigwa jua. Kama dari yao ni makuti matupu, usitie AC kabisa, weka feni kubwa na chandarua kizuri. Kupoza chini ya makuti ni kupoza Bahari ya Hindi.

Chumvi sasa. Hii inaua AC nyingi Lamu na Malindi kabla hazijachakaa. Ile ya nje ina mapezi ya alumini juu ya mabomba ya shaba, na chumvi ikikaa katikati ya madini mawili hayo, alumini inaliwa, inakuwa unga mweupe. Nimefungua mashine za miaka mitatu zikamwagika mkononi kama jivu. Omba yenye mapezi yaliyopakwa dawa ya kuzuia kutu, kwa kawaida ya rangi ya buluu au dhahabu, kisha itundike upande usiopigwa na kusi moja kwa moja. Ioshe kwa maji baridi kila mwezi, na upepo wa bahari ukiwa mkali kila wiki mbili. Maji baridi nina maana yasiyo na chumvi. Kama kisima chenu kimeanza kuwa na ladha, tumia ya mvua. Usiifiche uwandani penye kuta nne, kwa sababu itanyonya hewa moto iliyoitema yenyewe na kuwapikia wageni vyumba. Usiitie chini ya makuti pia. Nyaya za stima na makuti makavu si majirani wema. Nyumba ikiwa ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, uliza watu wa makumbusho kabla hujatoboa ukuta wa mbele. Kwa Shela, bado ningeuliza majirani: kwenye uchochoro wa upana wa punda, hewa yako moto inaingia dirishani kwao.

Siku ya kufunga, simama ukamwangalie fundi. Kama hana pampu ya kuvuta hewa kwenye mabomba, na anataka "kuisukuma hewa kwa gesi kidogo", mrudishe alikotoka. Hewa ya pwani iliyobaki ndani ya bomba ina maji, na maji yakichanganyika na mafuta ya kompresa yanageuka asidi. Itafanya kazi mwaka mmoja, kisha atakuambia kompresa ilikuwa mbovu. Mashine ya gesi ya R-22 usinunue hata ukipewa nusu bei, gesi hiyo inaondolewa sokoni kwa sababu ya kuharibu ozoni. R-32 ndiyo utakayoikuta kwenye nyingi mpya. Weka pia kifaa cha kuilinda na stima inayopanda na kushuka, na waya wa ardhini uwe wa kweli, usiwe wa picha.

Ile ya jirani wa kaka ningeikataa hata kama sakafu isingeloa. Nyingi za huko ni za kupasha maji, zinataka stima ya fezi tatu, kupoza wakati mwingine kumefungwa kiwandani, na ikiharibika kadi yake ya umeme utaitafuta Ujerumani huku mama anasubiri.

Kuna pampu ya joto moja tu ambayo ningekushauri uifikirie, na ni kwa ajili ya wageni wako: ile ya tangi la maji moto. Inanyonya joto na unyevu wa chumba ilimokaa, inapasha maji ya kuogea, na stima inayokula ni kama theluthi ya hita ya kawaida. Iweke stoo, stoo itapoa na kukauka, na magunia ya mchele hayataota wadudu haraka. Lakini kama una paa la zege lenye nafasi, tangi la jua ni rahisi zaidi, na nisingebishana nawe.

Kaka akiona vibaya kuja mikono mitupu, mwambie alete kipima unyevu, kile kidogo cha mezani chenye namba mbili, ya joto na ya asilimia. Kiweke kando ya kitanda cha mama kabla hujanunua chochote, uandike namba za saa nne usiku na za alfajiri kwa wiki moja, halafu uniletee nizione.