Kitabu cha baba na fundi wa jalada la ngozi

SWALI: Marehemu baba alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na alituachia How Europe Underdeveloped Africa cha Walter Rodney, cha mwaka 1972. Kina jina lake na tarehe kwa kalamu, na pambizo zimejaa maandishi yake. Jalada la karatasi limebanduka mgongoni. Dalali mmoja hapa mjini anasema ni toleo la kwanza, ila hakitauzika mpaka kiwekwe jalada gumu la ngozi, kurasa zing'arishwe, na ule ukurasa wenye jina utolewe. Fundi wake anataka shilingi 3,500. Nimpe? – Msomaji, Buruburu

JIBU: Usimpe, dada. Hata akikufanyia bure, kataa.

Suala la toleo ni la dakika moja. Kitabu hicho kilitolewa kwa pamoja na wachapishaji wawili, Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, 1972. Fungua ukurasa wa hakimiliki. Ukikuta chini ya 1972 kuna mwaka mwingine wa kuchapwa tena, unayo chapa ya baadaye. Hapo huhitaji dalali.

Linaloniudhi ni hili la ngozi. Kila mwezi naletewa kitabu kilichoharibiwa kwa nia njema, na mwenyewe anatabasamu akingoja nikisifu. Kitabu kilichozaliwa na jalada la karatasi kinatafutwa kikiwa na jalada hilo hilo, hata likiwa limechanika. Mkusanyaji wa vitabu vya siasa na uchumi anataka kitu kilichotoka mtamboni mwaka ule. Ngozi ya juzi haimhusu.

Tena jiulize fundi anaivalishaje hiyo ngozi. Kwanza anaukata mgongo kwa mashine, kisha anapunguza kingo tatu zilizobaki ili zinyooke. Maandishi ya baba yako yako wapi? Pambizoni. Yatafagiliwa pamoja na vipande vya karatasi.

Na jina lake! Rodney alikuwa akifundisha pale pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitabu kilipotoka. Nakala ya mwanafunzi wa enzi hizo, aliyebishana na mwandishi kwa kalamu, ina historia ambayo nakala safi haina. Anayetaka ukurasa huo utolewe ama hajui kazi, ama hapendi mtu ajue kitabu kilitoka kwa nani. Mimi huwaza hilo la pili.

Kung'arisha nako ni Jiki, sina haja ya kuuliza. Karatasi hutoka nyeupe, kisha inadhoofika na kukatika ukiikunja. Selotepu ni ndugu yake: gundi yake hugeuka manjano na kuzama ndani ya karatasi. Siku hizi kuna na video za kuibandua kwa petroli. Petroli, kwenye nyumba yenye watoto!

Mzee mmoja aliniletea Waraka wa Serikali ya Kenya Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Ni kijitabu chembamba ambacho wengi walikitupa. Alikuwa amekilaminisha ukurasa kwa ukurasa, kama vitambulisho. Plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi haitoki. Nilimpa chai tu.

Mhifadhi wa kweli atalirudisha jalada lako kwa uji wa wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Kijapani, kwa sababu vyote viwili vinaweza kutolewa baadaye bila kuacha jeraha. Muulize fundi yeyote swali hilo moja: kazi yako inatoka? Akicheka, ondoka. Kwa sasa kifunge kitabu kwa karatasi safi na utepe wa pamba, kilale chali kabatini, mbali na ukuta wa jikoni.

Kama tayari kiko kwa fundi, kifuate leo jioni. Na umdai lile jalada lililobanduka, maana ndilo hutupwa kwanza.