Jibu: Mbwa anakojoa ndani tangu mafundi waanze kazi

Habari ndugu. Nimekuelewa: jike wako wa miaka 3, aliyezoea kwenda nje, sasa anakojoa koridoni tangu mafundi waanze kubomoa jiko.

Kabla ya kuwalaumu mafundi, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta hali hiyohiyo, hasa kwa majike. Akijikamua au ukiona damu, usingoje kesho.

Wangu alianza tulipoezua bati. Nilimfuatilia: alifika mlango wa nyuma, akasikia grinda, akarudi mkia kaufyata. Njia yake ilijaa mifuko ya saruji na watu asiowajua. Nikawa namtoa kwa kamba kupitia geti la mbele: alfajiri kabla mafundi hawajafika, mchana wakienda kula, jioni wakishaondoka. Akikojoa nje, kipande cha nyama papo hapo. Ilichukua kama wiki mbili.

Tafadhali usimchape wala kumsukumia pua kwenye mkojo. Ataanza kukojoa nyuma ya kochi usikomwona. Pale koridoni epuka sabuni yenye amonia, kwake inanukia mkojo. Mimi nilitumia siki na maji.