Mzee wako mstaafu wa jeshi hataki kuongea? Mpe brashi

Kama una baba au babu aliyepigana vita vya Kagera utanielewa. Mchana mzee yuko poa tu, anapiga stori za kila kitu, ila ukigusa vita vya 1978 anabadili mada, halafu usiku unasikia anapiga kelele usingizini. Ukimwambia twende kwa daktari anawaka, anaona unataka kumpeleka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Mimi nafundisha uchoraji hapa Dar na Jumamosi nakuwa na wastaafu wa jeshi, wengi wazee wa Kagera, na wachache vijana kidogo waliokwenda kulinda amani Kongo kuanzia ile 2013.

Jambo la kwanza, usimwambie mtu "chora vita". Usithubutu. Sisi tunaanza na michoro ya Tingatinga, twiga, ndege, vidoti vingi, maana mkono ukirudia rudia kitu kimoja kichwa nacho kinatulia, unamwona kabisa mtu mabega yanashuka. Na mzee akikwambia yeye sio msanii mkumbushe Edward Saidi Tingatinga hakusomea sanaa popote, alianza tu na vibao na rangi za baiskeli pale Oysterbay miaka ya 60. Ila hizo rangi za mafuta mimi sizitumii darasani, harufu ya thina kwa mtu aliyekaa na mafuta ya magari ya vita inaweza kumrudisha mbali sana, rangi za maji zinatosha na ni bei rahisi.

Viti weka ukutani, kila mtu auone mlango. Usimtokee afande kwa nyuma hata kama unataka tu kumsifia. Ukitaka kugonga msumari wa fremu sema kwanza, "jamani nagonga".

Halafu uliza kuhusu picha, sio kuhusu mtu. Kuna mzee alichora maembe weee, siku moja akachora daraja la Kyaka, lile majeshi ya Amin walilolivunja, yeye kalichora zima. Nikamuuliza tu, mzee, mto tuuweke rangi gani? Akasema kahawia, mvua zilikuwa zinanyesha, na hapo ndo akaanza kuongea mwenyewe, sisi tukaendelea kupaka rangi zetu huku tunasikiliza.

Wenzetu wameyafanya haya zamani. Uingereza kuna mchoraji Adrian Hill, mwenyewe alikuwa mwanajeshi Vita ya Kwanza, akaugua TB akawa anachora hospitalini, baadaye akawafundisha na wagonjwa wenzake wakiwemo wanajeshi. Marekani, hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, wanajeshi wanatengeneza vinyago vya uso na kuvipaka rangi (Wamakonde wetu wangewafundisha mengi hapo).

Lakini darasa sio dawa. Mtu akianza kusema amechoka kuishi, au pombe imezidi, au anagawa vitu vyake, usimsubirishe mpaka Jumamosi ijayo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali nyingi za mkoa huduma ipo, sio lazima Dodoma.

Na mambo ya maonyesho msiyakimbilie. Watu wa kamera wanapenda wazee wavae medali wasimame mbele ya picha walie. Wazee wenyewe wakitaka sawa, wasipotaka picha zinabaki kabatini, na ikitokea imeuzwa hela ni ya aliyechora, yote.